Tulivyokwenda Mandawa Kutafuta Samaki wa Mvua

Wenzangu wa jumuiya mmeniuliza mara nyingi kilichonipata kule kusini, nami kila mara nimewaambia tutaongea siku nyingine. Nikianza kusimulia kwa mdomo sauti inakatika, mnaanza kuniletea maji ya kunywa, na habari inaishia hapo. Kwa hiyo nimeandika. Kovu hili la juu ya jicho ni la jiwe. Aliyelirusha simjui mpaka leo.

Kwa wasioifahamu kazi yangu: nalea samaki. Niko kwenye maabara ya chuo hapa Morogoro pamoja na mwenzangu Idrisa, mtu wa Tanga, mpole, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kuna samaki mmoja mdogo, hazidi kidole cha mwisho cha mkono, dume lake limepakwa nyekundu na bluu kama kanga mpya. Haishi mtoni wala ziwani. Anaishi kwenye madimbwi ya mvua. Mvua zikianza anatoka kwenye yai lililolala topeni, anakua haraka, anataga, na dimbwi likikauka anakufa. Mayai yanabaki yamelala kwenye tope kavu kusubiri mvua za mwaka mwingine. Wenyeji wengi wanamwita samaki wa mvua tu, na wapo wanaoamini anadondoka nazo kutoka juu. Yuko kwenye madimbwi machache ya kusini na kwingine hayuko, na madimbwi hayo yanazidi kupungua, ndiyo maana wataalamu wamemweka pamoja na viumbe walio karibu kutoweka. Tulitumwa kuangalia madimbwi mawili, moja la Nambambo, Nachingwea, jingine la Mandawa, Ruangwa, na kurudi na samaki wachache walio hai ili tuwazalishe huku.

Basi la Nachingwea

Mnakumbuka mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Idrisa alikuwa amefunga, mimi nilikuwa nimeacha nyama, kwa hiyo tulipanda basi pale Dar es Salaam tukicheka kwamba gari zima halina mlaji.

Kicheko kiliisha baada ya kupita Rufiji. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo, na mahali fulani maji yalikuwa yamekatiza barabara. Mabasi na malori yalijipanga hadi mwisho wake hauonekani. Tukashuka, tukakaa pembeni. Wakina mama walipita na mahindi ya kuchemsha, nikanunua hindi moja na kulila nikiwa nimegeukia porini, nisimtamanishe Idrisa.

Tukiwa tunasubiri hapo, mama mmoja abiria aliweka simu sikioni, kisha akaiondoa na kutusikilizisha ujumbe wa sauti aliotumiwa. Mwanamume alikuwa akizungumza kwa pumzi ya haraka: "Wazazi wa Lindi yote, shikeni watoto wenu. Kuna watu wanazunguka vijijini wamejifanya wataalamu. Wanabeba watoto. Sambaza ujumbe huu kwa kila mzazi."

Wale waliokuwa karibu wakasogea wasikie tena. Ikapigwa tena. Mzee mmoja akasema huko kwao Liwale mtoto ameshapotea. Mwingine akasema si mmoja.

Nikamnong'oneza Idrisa, "Umesikia? Wamejifanya wataalamu."

"Dada Fausta, sauti kama hizo zinazunguka kila mwaka," akasema. "Ukizifuata huendi popote."

Maji yalipopungua tukavuka. Lakini sikulala tena ndani ya lile basi. Nilikuwa nawaza ndoo zetu, nyavu zetu na mtungi wa oksijeni, nikawa najiuliza mtu asiyetujua akituona na vitu hivyo atafikiri nini.

Nambambo

Nachingwea tulilala nyumba ya wageni karibu na stendi. Asubuhi mwenye nyumba, mama wa Kimwera mwenye sura ya ukali, alinivuta jikoni na kunifungia mlango. Nikashtuka. Kumbe alikuwa ameniandalia chai na mihogo ya kuchemsha, asingependa ninywe ukumbini mbele ya waliofunga. "Kunywa haraka," akasema, "na mwenzio asinuse."

Tukachukua pikipiki mbili hadi Nambambo. Aliyetupokea alikuwa mkulima aliyekuwa anapalilia ufuta, mtu wa makamo, jina lake Bakari. Idrisa akamwonyesha picha ya dimbwi kwenye simu, na mkorosho uliopinda pembeni yake.

Bakari akaiangalia. "Mkorosho ni ule pale."

Mkorosho ulikuwapo kweli. Chini yake kulikuwa na changarawe nyekundu iliyoshindiliwa. Barabara ilikuwa imepanuliwa, na dimbwi lilikuwa ndani ya barabara.

"Na wale samaki wadogo?" nikauliza.

"Walikuwepo. Watoto walikuwa wanawachezea. Lakini mama, barabara tumeililia miaka. Wajawazito walikuwa wanajifungulia njiani." Alisema bila ubaya wowote. Tulikuwa tunajua madimbwi mawili. Sasa lilibaki moja.

Idrisa alipiga magoti akakwangua changarawe kwa vidole, akitafuta tope la zamani. Mara Bakari akainua mkono. Tukanyamaza. Upande wa mikorosho tawi lilivunjika, si kama linavyovunjika kwa upepo, polepole, kwa uzito. Kisha jingine.

"Tembo," Bakari akasema kwa pumzi tu. "Wamelala humo tangu juzi. Ondokeni. Pikipiki msiwashe, zisukumeni."

Tukazisukuma zile pikipiki kwenye tope, sisi na madereva wetu. Mgongo wangu wote ulikuwa unasikia. Sikuwaona tembo wenyewe, na kutokuwaona ndiko kulikonitisha zaidi. Jembe la Bakari tuliliacha limelala shambani. Naye aliliacha.

Kwenda Ruangwa

Njia ya kwenda Ruangwa ilitupotezea nusu siku. Bonde moja lilikuwa limejaa, tukasubiri, tukavuka kwa miguu huku madereva wamebeba pikipiki juu ya miti miwili. Maji yalinifika kifuani. Nilishika ndoo kichwani, nyayo zikitafuta pa kukanyaga.

Tuliingia Ruangwa wakati wa kufuturu. Kwenye baraza jirani na tulipofikia watu walikuwa wameketi mkekani. Wakatuita. Nikasema mimi ni Mkristo, nisije nikawaharibia.

"Kwani Wakristo hawali mihogo?" akauliza mmoja, wote wakacheka, nikasogezewa bakuli la uji wa pilipili manga na sahani ya mihogo ya nazi. Ulikuwa mlo mtamu kuliko yote ya safari ile. Wakazungumza mpira, timu zao, nani ataumia msimu huu. Kisha yule yule mchekeshaji akaniuliza tumefuata nini.

"Samaki," nikasema. "Tunakwenda Mandawa."

"Samaki Mandawa?" Akaangalia wenzake. "Kwenu Morogoro samaki hamna?"

Nilijaribu kueleza habari ya tope na mayai. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo. Mazungumzo yakapoa. Mmoja akanyanyuka, akaenda kumwita mwanawe aliyekuwa anacheza barabarani, akamwingiza ndani.

Dimbwi la Mandawa

Ofisi ya mtendaji wa kijiji tuliikuta imefungwa. Jirani akasema ameenda kwenye kikao. Simu yake haikupatikana. Ilitupasa kumsubiri. Lakini mawingu yalikuwa yanajikusanya, na Idrisa akasema, "Twende tukaangalie tu kama dimbwi lipo. Akirudi tutakuwa hapa." Nikakubali, maana baada ya Nambambo nilikuwa siwezi kukaa bila kujua.

Lilikuwepo. Kando ya majaruba ya mpunga, chini ya kichuguu kikubwa, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nikaingiza wavu mara ya kwanza, nikainua majani matupu. Mara ya pili kitu kikawaka ndani ya wavu. Dume moja, jekundu na bluu, likirukaruka. Nililia, wenzangu, siwafichi. Tukavua taratibu, tukachagua wale wachanga, kwa sababu wakubwa umri wao umekwisha na safari ndefu inawaua.

Mtandao haukuwepo pale chini. Idrisa akapanda juu ya kichuguu kumpigia mkuu wetu wa maabara. Nimeshasema ana sauti kubwa. Siku ile mawasiliano yalikuwa yanakatikakatika, kwa hiyo alipiga kelele.

"Tumewapata! Ndiyo! Tunachukua watoto tu! Wakubwa tunawaacha, wakubwa watakufa njiani! Eee, watoto! Tunawatia kwenye mifuko, kesho tunasafiri nao!"

Kwenye njia ya juu alikuwa anapita mama mwenye mzigo wa kuni. Nilimwona akisimama. Akaushusha mzigo chini polepole bila kuyaondoa macho kwetu, kisha akakimbia. Nilifikiri ameona nyoka.

Waliokuja baadaye walikuja kimya. Nilikuwa nimeinama, nilipoinuka nikawaona wamesimama kuzunguka dimbwi, wanaume kwa wanawake, wengine na mapanga ya shambani. Mwanamume mmoja akauliza, "Watoto mmewaweka wapi?"

Nilidhani anauliza samaki. Nilitabasamu, Mungu wangu, nikaonyesha ndoo yenye kifuniko.

"Wamo humu."

Mwanamke mmoja akapiga ukelele ambao nausikia hata sasa ninapoandika. Akanirukia, akanishika gauni shingoni. "Sharifa wangu! Sharifa yuko wapi?" Hapo ndipo jiwe liliponipata. Jicho moja likanijaa damu, nikasikia Idrisa akipigwa nyuma yangu, sauti kama ya mtu anayepiga godoro. Alikuwa anapiga kelele, "Samaki! Ni samaki!" na hakuna aliyekuwa anasikia neno.

Sijui tungeishia wapi kama mtendaji asingefika. Alikutana na habari njiani akitoka kikaoni, akaja na pikipiki hadi ndani ya jaruba, akajisimamisha kati yetu na wao. Kijana mdogo tu, shati limetoka nje. "Wakifa hapa hamtajua mtoto alipo!" akapaza sauti. "Mnasikia? Wakifa hamtajua!"

Neno hilo ndilo lililotutoa dimbwini. Na ndilo hilo hilo lililonijulisha kwamba kuna mtoto kweli hajulikani alipo.

Ghalani

Walitufungia kwenye ghala la korosho la kijiji, mtendaji akasimama nje ya mlango wa chuma pamoja na mgambo mmoja. Ndani mlikuwa na magunia matupu na joto. Mwanga uliingia kwenye matundu ya matofali karibu na paa na kwenye ufa wa mlango.

"Msijibu kitu," mtendaji alituambia kupitia ufa. "Mtu akiwatukana, msijibu. Polisi wametoka Ruangwa lakini bonde limejaa."

Nje watu waliongezeka. Nilisikia pikipiki zikifika, moja baada ya nyingine. Nilisikia mtu akisema, "Petroli iko kwa nani?" na mwingine akimjibu kwa utulivu kabisa, kama anaulizwa chumvi. Nikaanza kusali rozari kwa vidole. Salamu Maria nimeisali tangu utotoni, lakini pale katikati maneno yalitoweka, nikawa narudia "umejaa neema, umejaa neema" bila kujua kinachofuata. Idrisa aliegemea ukutani, bega lake limeshuka vibaya, midomo inasogea. Hata maji alikataa. Nilimsihi, nikamwambia ameumia, ana ruhusa. Akatikisa kichwa. "Kama ni leo, niende nikiwa nimefunga."

Baadaye mtu akaja upande wa nyuma wa ghala. Nilimtambua kwa sauti kabla hajasema jina. Ilikuwa imeshakauka.

"Dada," akasema kupitia tundu. "Mimi ni mama yake Sharifa."

Mtendaji alituambia tusijibu. Nikajibu. "Ndiyo, mama."

"Sitaki uumizwe. Hawa wengine wana hasira, mimi sina. Ametoka shuleni mchana, hajafika nyumbani. Niambie tu ulipomweka. Nitamfuata mwenyewe. Nitawaambia wakuachie."

"Mama, simjui Sharifa. Wallahi ningejua ningekwambia." Niliapa kwa kiapo chao, kilitoka chenyewe.

Kisha akauliza, "Una mtoto?"

"Ninaye. Beata."

"Yuko wapi saa hizi?"

"Yuko kwa dada yangu."

"Unajua hivyo," akasema. "Wewe unajua."

Nilisikia akilia, akiwa ameegemeza kichwa ukutani, nami upande wa ndani nikaegemeza changu. Nilimwogopa na nilimwonea huruma, vyote viwili kwa pamoja. Alipoondoka nilimsikia akiwaambia watu, "Subirini. Hamisi hajapatikana kwenye simu. Subirini kwanza." Hamisi alikuwa mdogo wake.

Si wote waliosubiri. Kupitia ufa wa mlango nikaona wameileta ndoo yetu uwanjani. Mmoja akaipiga teke. Maji yakatapakaa chini, na watoto wetu, samaki wale, wakaanza kuruka kwenye udongo, wadogo, wakimeremeta. Umati ukainama kuangalia. Kisha mtu akacheka, kicheko kifupi cha kutoamini, na kuku wakaja wakawadonoa mmoja mmoja hadi pakawa patupu.

"Ni samaki kweli," mtu akasema.

"Na Sharifa je?" mwingine akajibu. Na hasira ikarudi ilipokuwa.

Jua lilikuwa limeanza kushuka pikipiki moja ilipoingia kwa kasi. Nikajua ni petroli. Nikamshika Idrisa mkono. Tukasikia vigelegele, na kwa kweli sikuelewa vigelegele vinahusika nini na kufa kwetu, mpaka mtendaji alipogonga mlango kwa kiganja, analia na kucheka. "Amefika! Mtoto amefika!"

Hamisi alimpitia shuleni, akampakia hadi Namungo kwa bibi yake, akampeleka kuangalia mpira, na simu yake iliisha chaji. Basi. Nilimwona Sharifa kupitia ufa, msichana wa kama miaka saba, amevaa jezi ndefu mpaka magotini, anashangaa kwa nini watu wote wanamgusa. Mama yake alimpiga kofi, akamkumbatia, kisha akamvua Hamisi kofia na kumchapa nayo mpaka akachoka.

Watu wakatawanyika wakiangalia chini. Adhana ya magharibi ikalia. Mlango ukafunguliwa. Mwanamume aliyeniuliza watoto wako wapi alipita karibu yangu, akasimama, akasema, "Mngesema mapema kwamba ni samaki," akaenda zake. Hiyo ndiyo pole pekee niliyopata kwake.

Tulifuturu kwa mama Sharifa. Alinisafisha jicho kwa maji ya chumvi. Hakusema nisamehe. Alinilisha tonge la kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi

Mtendaji alitaka tuondoke mapema. "Tena lile dimbwi msilisumbukie," akasema. "Kiangazi mtambo wa kijiko unakuja kulichimba liwe lambo. Watu hawana maji hapa."

Idrisa akamweleza kwamba lambo likishika maji mwaka mzima kambare wataingia na kuwamaliza samaki wa mvua, na tope lenye mayai ndilo litakalochotwa kwanza. Mtendaji akamsikiliza kwa adabu. "Kaka, mama zetu wanaamka alfajiri kutafuta ndoo moja. Niwaambie nini? Waache kwa ajili ya samaki?"

Idrisa akachukua wavu kwa mkono mzima, akaanza kutembea kuelekea dimbwini. Msije mkasema nilikuwa jasiri. Nilimfuata kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Mama Sharifa akatoka nyumbani kwake, akaja akatembea mbele yangu, kanga ameifunga kiunoni kama anayekwenda kupalilia.

Nilipoingiza wavu, wanawake watatu wakashuka njiani na ndoo. Nikaganda. Wavu ulinitoka mkononi. Mama Sharifa akawasalimia kwa Kimwera, wakajibu, wakachota maji upande wa pili na kuondoka. Akaokota wavu, akanirudishia. Kisha akachuchumaa akatazama ndani ya ndoo.

"Mnakwenda nao wote?"

"Hapana, wachache. Waliobaki watataga humu. Dimbwi likikauka watakufa, mayai yatabaki."

"Yako wapi? Nionyeshe."

Nikachota tope, nikalipekua kiganjani mpaka nikapata moja. Halifiki hata mbegu ya ufuta. Akaliangalia kwa muda mrefu. "Na hili linaishi kwenye tope kavu?"

"Likikaa kivulini. Likipigwa sana na jua nje ya tope, linakufa."

Akalirudisha ndani ya tope, akalifunika.

Nyumbani

Tulirudi kwa njia ya Lindi, mfuko wa samaki mapajani, nimeufunika kanga. Kila basi liliposimama nilifumba macho. Wengine walikufa njiani. Waliofika wako kwenye beseni la kioo pale maabara, mnakaribishwa kuwaona, lakini ni wachache mno, na madume yamezidi majike. Bega la Idrisa linapona. Mimi, mkusanyiko wa watu zaidi ya kumi bado unanitoa jasho, hata ukiwa wa harusi.

Wiki iliyopita mama Sharifa alinipigia. Baada ya salamu akasema, "Dimbwi limekauka. Kijiko kimefika, kiko pale shuleni, kesho kutwa kinaanza."

Nikasema nimesikia, pole, au hongera, sikujua niseme lipi.

"Sikiliza kwanza," akasema. "Nimechimba lile tope. Viroba vinne. Nimeviweka chini ya kitanda changu, havipigwi na jua. Hamisi anasema nimechanganyikiwa. Sasa uje uvichukue, dada, maana mimi sijui kuviamsha."

Nikamuuliza kama watu wa kijijini wanajua nitarudi.

"Wanajua. Wengine hawapendi. Njoo."

Nikatazama mlango, nikatazama lile beseni. Nikamwambia nitakuja. Idrisa alipoingia alinikuta tayari naiosha ile ndoo.